Jua la Uani

...na sasa anataka mwavuli, nilijua tu, hajakaa hata sawasawa kwenye kiti na mkono umeshanyooka kuelekea mlangoni, "Nipe mwavuli wangu, linaniunguza," nami namwambia, "Mama, daktari kasema jua liguse ngozi, ukijifunika tumekuja uani kufanya nini?" basi anavuta mikono ya gauni mpaka kwenye vidole... asubuhi imetulia, shuka za jirani zinapepea kwenye kamba, nimesimama nyuma yake namchana nywele polepole ili asahau kwamba yuko nje, maana aliteleza bafuni nyonga ikavunjika, na daktari alipotazama vipimo vya damu akasema vitamini D iko chini mno, mifupa imekosa nguvu, ameze vidonge, ale mayai na samaki, na kila asubuhi aote jua kidogo, na mama mkwe wangu, mwanamke aliyezeekea nyuma ya mapazia, akamkazia macho, "Jua? Mimi?" kama aliyeambiwa akalale barabarani... weupe wake ndio ulikuwa fahari yake, na siku mume wangu aliponileta kumtambulisha alinitazama juu mpaka chini, akamwambia mwanawe bila hata kushusha sauti, "Wasichana wote waliojaa mjini, ukaona huyu mkaa?" nikacheka, eti nilicheka, nikamaliza na chai, lakini neno lile likanikaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki, halitoki... na leo ni mimi ninayemwogesha, mimi ninayemvalisha, na cherehani inanisubiri chumba cha ndani, mapazia ya watu hayajapindwa, "Kunja mikono ya gauni, mama," "Nitakuwa mweusi," anasema, na kitana kinasimama chenyewe, mweusi kama nani, mama, malizia, tuko wawili tu hapa... kichwa chake chepesi mkononi mwangu, kisha vidole vinatafuta kifungo, vinakosa, vinapata, anakunja mpaka kwenye kiwiko, anautazama mkono wake mwenyewe kama wa mtu mwingine, kisha anayafumba macho, mbona huyu anaogopa, nani alimwambia akiwa mdogo kwamba rangi ikienda na mapenzi yanaenda, sijawahi kujiuliza, miaka yote hii nimemwona mkali tu... haya, nywele tayari, nifute kitana niende, "Unakwenda wapi?" "Kushona, mama, nitakuja kukuchukua," "Kaa," "Kazi za watu, mama," "Kaa, nimesema. Siku ile hospitali, ulipokwenda dirishani kuchukua dawa, nilimwuliza daktari habari zako. Nikamwambia nina binti nyumbani, anashinda ndani na cherehani, miguu inamuuma wala hasemi. Akasema ngozi yako jua linaipenya taratibu, wewe ndiye ukae zaidi, na uje upimwe," na mimi nilidhani nauficha vizuri ule mwendo wa kujikongoja jikoni, kumbe anausikia kutoka kitandani, nina binti, alimwambia hivyo, mtu asiyemjua, nami sikuwepo hata kusikia... mwiba upo, siwezi kusema umetoka, ila leo nameza mate na hauchomi, nakaa kwenye ngazi, napandisha sketi mpaka magotini, "Ukichoka useme, mama, nikurudishe ndani," "Nitakusubiri mpaka nawe likutoshe," anasema, macho bado kayafumba, na shuka za jirani zinapepea, na jua halina haraka.