Jokari za Lenore

Mke mwenza aliye hai utagombana naye, utamsengenya, na akizidi utamfungia mlango. Adele alipewa aliyekufa, na huyo hana dawa. Tangu aolewe na Morrie Feldstein na kuhamia kwenye fleti yake kule Hallandale, Florida, alikuwa amebadilisha mapazia, godoro, sahani, na hata kitasa cha bafuni. Cha Lenore, mke wa kwanza, kilibaki kimoja tu, sanduku la mahjong, ule mchezo wa Kichina wa kuokota na kutupa kete zenye picha, na hicho hakuthubutu kukigusa.

Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana, Estelle, Gertie na Minna walikuja kucheza. Walikuwa wamecheza na Lenore tangu ujana wao huko Bronx, na uzee ulipoingia wakahamia Florida pamoja, wakapanga jengo moja. Lenore alipofariki mchezo ulikufa naye, maana meza inataka watu wanne. Ndipo Morrie alipooa tena, na Adele akakaribishwa kama watu wanavyomkaribisha fundi bomba, kwa kuwa anahitajika.

Hawakuwa watu wabaya. Ila Adele akitupa kete isiyofaa, Gertie aliguna kwamba Lenore asingeitupa ile. Akiwaandalia keki ya jibini, waliisifu na kuimaliza, kisha Minna akakumbuka kwamba ya Lenore ilikuwa na limau kidogo. Adele alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Kilichomkera kuliko vyote ni jokari. Jokari ni kete inayoshika nafasi ya kete yoyote uliyoikosa, na hakuna mchezaji asiyeiombea. Seti ile ilikuwa ya zamani, ya kabla sheria hazijataka jokari nane, na Lenore hakuhangaika kununua nyingine. Alichukua kete tupu za akiba na zile za picha za maua zilizozidi, akapaka kwenye kila moja mdomo mdogo mwekundu kwa rangi yake ya kucha. Kila Adele alipookota moja aliona yule mwanamke anamcheka. Alikuwa na wivu, alijua ni wivu, na kujua hakukumpunguzia kitu. Alitaka angalau jokari ziwe zake, akae kwenye kile kiti kwa jina lake mwenyewe.

Faraja yake ilikuwa moja. Morrie hakumtaja Lenore kamwe, hata kwa bahati mbaya. Adele aliuhesabu ukimya huo kuwa ushindi wake, akaamini kwamba wanaomng'ang'ania marehemu ni wale wanawake watatu tu.

Mara ya kwanza alinunua jokari mpya dukani, nyeupe pe. Lakini seti ya Lenore ilikuwa imekula moshi wa sigara na mafuta ya mikono miaka thelathini, ikageuka rangi ya asali. Kete zilipogawiwa tu, Estelle alishajua kila jokari iko kwa nani, kwa kutazama migongo.

"Adele, bibie," akasema, "hizi zako zinajitangaza kama meno ya bandia. Hebu rudisha za Lenore tucheze."

Wakacheka, na Adele akacheka nao. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo walivyosema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa meza moja na Estelle.

Adele hakukubali yaishe. Aliulizia huku na huku mpaka akaelekezwa kwa mzee Pincus wa Brooklyn, aliyekuwa na droo zimejaa kete yatima, mabaki ya seti zilizovunjika. Mzee alimwambia kwenye simu kwamba rangi haisimuliwi, inaonekana, kwa hiyo atume kete moja ya mfano. Adele akatuma mojawapo ya jokari za Lenore. Ikipotea njiani, na ipotee.

Haikupotea. Baada ya wiki kadhaa mzee alipiga simu. Alikuwa amepata kete tupu nane, unene uleule, rangi ileile, hata shetani asingezitenganisha.

"Ila huyu aliyeupaka huu mdomo," akaongeza, "alikuwa na mkono wa raha. Ni wewe?"

"Siyo mimi," akasema Adele, na simu akaikata mapema kuliko adabu inavyoruhusu.

Kifurushi kilipofika, na ile jokari ya mfano imerudishwa humo, alikaa na kichupa chake cha rangi ya kucha ya waridi, akapaka nyota kwenye kila kete, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Za Lenore akazitia kwenye bahasha.

Jumanne wakachanganya kete, wakazipanga, na hakuna aliyehisi kitu. Minna ndiye aliyeokota ya kwanza. Aliigeuza, akaitazama nyota, akaacha kutafuna.

"Za Lenore ziko wapi?"

Adele alikuwa na jibu lake tayari. Alisema rangi ilikuwa imeanza kubanduka, naye hakutaka ziharibike. Akaiweka bahasha mezani. Estelle, yule mwenye ulimi, akafungua mkoba wake.

"Nipe moja," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naona haya kuomba."

Gertie alichukua mbili, yake na ya binti yake. Minna akaibusu aliyopewa, akaisweka ndani ya sidiria, na wote wakacheka huku wakifuta macho. Mchezo ukaendelea. Adele alishinda kwa jokari zake mwenyewe, wakamsifia nyota zake, na safari hii walimaanisha. Alikuwa amepata alichokitaka. Akashangaa mbona hakimtoshi.

Walipoondoka aliiacha bahasha jikoni na zile nne zilizobaki, akipanga kuzitupa asubuhi. Asubuhi akaikuta bahasha tupu. Hakuuliza. Labda Morrie ameshazitupa, akajiambia, na moyo wake ukafurahi kidogo.

Wakakaa kunywa kahawa. Morrie alisoma gazeti kwa mkono mmoja, mwingine umezama ndani ya mfuko wa suruali, na humo mfukoni Adele akasikia kete zikigongana taratibu, tak, tak. Mchezaji wa mahjong haukosei mlio ule hata ukimwamsha usingizini. Alimtazama mumewe usoni. Hakuwa anasoma. Alikuwa anatazama dirishani, na uso wake ulikuwa na upole ambao Adele, tangu waoane, hajapata kuuona hata siku moja.

"Unachezea nini mfukoni, Morrie?"

"Funguo tu, mpenzi," akasema.

Funguo zilikuwa zimening'inia kwenye msumari wao mlangoni, mbele ya macho yake. Adele akammiminia kahawa nyingine.