Madoa ya Nyuki kwenye Boneti ya Mkwe

Jikoni kwa Bwana Ukoko, ukoko haukuwahi kulala. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na jina hilo alipewa na wanafunzi wa shule ya bweni aliyoipikia kwa miaka kumi na mmoja. Sufuria yenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, iliyoungua hadi chini pakawa peusi, aliishambulia jioni ile ile kwa waya wa chuma. Aliingia ndani nusu mwili, akasugua mpaka akauona uso wake. Wapishi wenzake walimwambia, "Mwagia maji, kesho utakuta umelainika." Yeye akawajibu kwamba kesho nayo ina ukoko wake.

Kwa sufuria, sheria hiyo ni nzuri kabisa. Tabu ni kwamba aliibeba hadi nyumbani.

Miezi minne nyuma mkewe alipoteza mimba ya miezi sita. Mtoto alikuwa wa kike. Watu walikuja, wakatoa pole, wakaondoka, na mwanamke akanyamaza. Sasa kimya ndicho kitu pekee duniani ambacho Bwana Ukoko hakukiweza. "Sema basi, mke wangu, kinachokuuma ni nini? Tuyamalize leo leo." Aliuliza asubuhi, akauliza jioni, akauliza taa ikiwa imezimwa. Alimwambia watapata mwingine. Akamsomea maneno ya madaktari kwenye simu. Mkewe akifungua mdomo avute pumzi tu, yeye alidhani jibu linakuja, akazidi kumsogelea. Alimpenda mno, hilo sitaki mtu alitilie shaka. Lakini wiki tatu zilizopita mwanamke alipanga nguo kwenye begi, akasema, "Naenda kwetu. Kule wananiacha nikae."

Ndipo Jumamosi moja mume akapiga moyo konde, akapanda basi, akafika ukweni jioni akiwa na swali moja tu: unarudi lini? Alipokewa vizuri. Mama mkwe alimwekea maji ya kuoga. Mkewe alimsalimia, akamwandalia chakula, akamtakia usiku mwema kama anavyotakiwa mgeni, kisha akaenda kulala kwenye chumba alicholalia tangu usichana wake. Bwana Ukoko alitandikiwa kochi la sebuleni. Swali hakulitoa. Alipanga kulitoa asubuhi mezani, mbele ya wazee, liishe.

Mtu aliyezoea kuwasha moto saa kumi alfajiri hawezi kungoja jua likiwa juu ndipo aamke, hasa ukweni. Kulipopambazuka alikwisha kunawa na kukunja shuka, na alikuwa akizunguka uani mikono nyuma. Hapo akaliona gari.

Gari la baba mkwe lilikuwa la bluu iliyokoza, lenye umri wa kupiga kura, na liling'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Mzee alikuwa amewaendesha wakubwa wa ofisi moja kwa miaka thelathini mpaka akastaafu. Wenzake walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakutokea bosi aliyefaulu kumharakisha. Gari hili lilikuwa lake mwenyewe. Binti yake alijifunzia humo udereva, na ndilo lililompeleka bi harusi hadi mlangoni kwa Bwana Ukoko.

Asubuhi hiyo lilikuwa limejaa madoa. Yalikuwa madogo, ya njano, mengine marefu kidogo kama punje za mchele, mamia kwa mamia, kuanzia boneti hadi paa. Alilikwaruza moja kwa ukucha, akakuta limekauka kama gundi. Akatazama juu kutafuta ndege wa kulaumu, asimwone.

Wazo likamjia. Mzee atoke akute gari safi, moyo wake ulainike, kisha mezani swali lipate wa kulisindikiza. Kujipendekeza kwa mkwe si dhambi. Akafungua begi lake. Watu wengine wakisafiri hubeba mswaki. Yeye alibeba mswaki na waya wa chuma.

Alisugua boneti upande wa kushoto kwa duara, kama alivyozoea kusugua chini ya sufuria, kwa sabuni ya vyombo na maji kidogo. Madoa yakatoka yote. Akamwagia kopo la maji, boneti ikameremeta. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, akajisifu kimoyomoyo.

Kisha jua likapanda juu ya ukuta na maji yakaanza kukauka. Kila yalipokauka, mistari ikajitokeza: viduara vyembamba, vyeupe, kimoja ndani ya kingine, eneo la ukubwa wa sinia. Akamwagia maji, vikapotea. Yakakauka, vikarudi. Alimwagia mara nne, kana kwamba maji yatachoka kusema kweli. Kuna methali moja ya watu wanaochamba kupita kiasi, lakini haisemeki ukweni, kwa hiyo niiache hapo.

Mlango wa jikoni ukalia. Mzee Taratibu akatoka na fulana na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, baba, ila..." Alitamani kuuficha waya, akauinua badala yake. "Nimeliharibu gari lako."

Mzee aliweka kikombe chini. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na boneti, akatazama kwa ubavu, kisha akapitisha mgongo wa kidole juu ya viduara. Alikasirika, tena sana, nisimfanye malaika. Akautazama waya, akamtazama mkwewe, akageuka na kuingia ndani.

Bwana Ukoko akajua yamekwisha. Nani amrudishie binti yake mtu wa namna hii? Alianza kuhesabu saa ya basi la kwanza.

Lakini mzee alirudi. Mkono mmoja alishika birika linalofuka, mwingine ndoo mbili, na begani alikuwa na mataulo makuukuu yaliyolainika kwa kufuliwa.

"Kaa," akasema.

"Baba, naomba unisa—"

"Kaa kwanza. Haya ni mavi ya nyuki."

"Ya nyuki?"

"Jirani nyuma ya ukuta ana mizinga mitatu. Nyuki hachafui nyumba yake. Mvua imenyesha siku tano, nao wamejibana siku tano. Jana mchana jua likatoka. Wewe ukibanwa siku tano, utachagua pa kwenda?"

Bwana Ukoko alitaka kucheka, akaogopa.

"Kumbe uliyaona jana?"

"Niliyaona, ila boneti ilikuwa ya moto. Gari la moto haliguswi, maji yanakauka kabla hayajafanya kazi. Nikaliacha lipoe." Mzee alichanganya maji ya birika na ya baridi, akajaribu kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto. "Doa hili lina vumbi la maua ndani yake, gumu kama mchanga. Ukilisugua likiwa kavu, hata kwa pamba, unazungusha mchanga juu ya rangi. Sembuse huo waya wako!"

Ndoo moja akaitia sabuni ya gari, nyingine akaiacha na maji matupu ya kusuuzia taulo, mchanga usirudi kwenye gari. Akaloweka taulo, akalikamua kidogo tu, akalilaza juu ya boneti upande uliobaki, akalinyoosha pembe zake.

"Sasa?" akauliza Bwana Ukoko.

"Sasa dakika kumi."

"Tunafanya nini?"

"Tunakaa."

Wakakaa kwenye ngazi ya jikoni. Dakika ya pili Bwana Ukoko akanyanyuka, akafunua pembe ya taulo.

"Wewe! Si mkate huo uchungulie kama umeiva."

Akakaa tena. Goti lilimcheza. Mzee alikunywa kahawa yake iliyokwisha kupoa. Dakika kumi zilipotimia alilinyanyua taulo, na madoa mengi yakaondoka nalo. Yaliyobaki yalikuwa yamevimba, laini. Aliyafuta kwa mvuto mmoja ulionyooka, bila kukandamiza, akageuza taulo upande safi, akafuta tena. Doa moja likagoma. Akaligusa kwa kidole, akalirudishia kitambaa chenye maji.

"Likigoma, loweka tena. Litaachia lenyewe."

"Na hivi?" Bwana Ukoko alionyesha viduara vyake.

"Hivyo nitavipaka dawa ya kung'arisha. Vitapungua. Kwisha, haviishi."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimchoma mwenzake. Alifikiria ule usiku, mwezi wa kwanza baada ya hospitali, alipomshika mkewe mabega na kumwambia, "Hutoki hapa mpaka useme." Alikuwa hajapata kumwambia mtu yeyote jambo hilo.

"Baba," akasema. "Hujaniuliza nimefuata nini."

"Nikuulize ya nini?" Mzee alikuwa anasuuza taulo. "Hata mwenzio, tangu aje, sijamuuliza kitu. Kila asubuhi anatoka, anakaa kwenye kigoda kile, mimi nafanya kazi zangu. Siku ya tisa akaniambia, 'Baba, kahawa yako inanukia vizuri.' Maneno hayo tu. Nikaingia chumbani nikalia."

Akajipangusa mikono, akavaa shati juu ya fulana.

"Naenda dukani kuulizia dawa. Nitakwenda kwa miguu. Paa na milango ni kazi yako."

Bwana Ukoko alibaki peke yake na gari la watu. Alilaza taulo moja juu ya paa, jingine kwenye mlango wa dereva. Ndipo mlango wa jikoni ukalia tena na mkewe akatoka, kanga mabegani, akakaa kwenye kigoda. Akaitazama boneti.

"Umeliharibu gari la baba."

"Nimeliharibu."

Mwanamke alingoja. Mume aliyemfahamu angekwisha kueleza alivyokusudia, angeapa, angeomba msamaha mara tatu na kutaka ajibiwe papo hapo. Mume huyu alisimama kashikilia taulo la mlangoni lisiteleze, na swali lake la safari limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Unarudi lini? Lilikuwa neno dogo tu. Akalimeza. Likapanda, akalimeza tena.

Madoa ya mlangoni yakalainika. Akafuta kwa mvuto mmoja, akageuza taulo, akaenda ndooni. Aliporudi alimkuta mkewe amesimama upande wa pili wa gari, analaza taulo lake juu ya mlango wa abiria. Walifanya mlango wa kwanza, wakafanya wa pili. Walifika kwenye buti wakiwa bega kwa bega, taulo moja kubwa chini ya mikono yao minne, maji ya uvuguvugu yakiwachuruzika hadi viwikoni.

"Nilikuwa nimempa jina," mkewe akasema.

Maswali yakamjaa Bwana Ukoko mdomoni yote kwa pamoja. Jina gani? Tangu lini? Mbona hukuniambia? Hakutoa hata moja. Aliukaza mkono wake juu ya taulo, akatazama maji yanavyodondoka kwenye bampa. Dakika zilipita, sijui ngapi, na taulo likapoa kabisa chini ya viganja vyao. Jirani alifungua redio, akaifunga.

Kisha mkewe akalitaja.

Jina lenyewe mimi silisemi, ni la watu watatu. Alilitaja mara moja, akaeleza kwamba alilichagua mwezi wa tano wa mimba, alipokuwa anapiga pasi na mtoto akarusha teke, na kwamba alikuwa ameliweka ili amshangaze nalo mumewe siku ya kujifungua. Baada ya msiba, kila mumewe alipomwambia watapata mwingine, yeye alisikia jina lile linafutwa. Alilia kwa sauti. Bwana Ukoko naye akalia, bila kumwambia anyamaze, na ilikuwa mara ya kwanza wote wawili kumlilia mtoto wao kwa pamoja.

Mzee Taratibu alifika getini na kichupa chake cha dawa, akawaona, akageuka akaenda kutembea tena. Siku hiyo alitembea sana kwa mtu wa umri wake.

Jua lilipopamba moto, gari lilikuwa safi lote isipokuwa vile viduara. Mkewe alikuwa anakamua taulo la mwisho.

"Hujaniuliza narudi lini."

"Sijauliza."

"Na ulikuja kuuliza."

"Nilikuja kuuliza," akakiri.

Alilianika taulo kwenye kamba, akalinyoosha pembe zake kama babake.

"Jumamosi uje tena," akasema. "Na huo waya uuache huko huko."

Jumatatu jioni wapishi walimwona Bwana Ukoko akiijaza maji sufuria kubwa iliyoungua, akaifunika, akavua aproni. Wakamuuliza kama anaumwa. Akawaambia haumwi, wakutane kesho. Kisha akashika njia ya nyumbani, na alipofika mahali pasipo na watu akalitamka jina la binti yake, polepole, kwa mara ya kwanza.