Habari ya Bwawa Ifutwe

Kila asubuhi, kabla hajatia dawa kwenye maji, Kocha alishika simu na kuandika jina la bwawa lake la kuogelea mahali pa kutafutia. Na kila asubuhi kilichotangulia kutokea hakikuwa picha ya bwawa, wala namba yake, wala nyota alizopewa na wazazi. Ilikuwa habari ileile kutoka jukwaa la wazazi: "Mwanangu nusura azame, kocha yuko na simu." Alisoma mistari ya juu, akaifunga. Hakuwahi kuivumilia zaidi ya hapo.

"Umeshaitazama tena," mumewe alisema kutoka chumba cha pampu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mitambo ya pale, na alijua hata bwawa likikohoa.

"Nani kakwambia?"

"Umetia dawa kama unaua nyoka. Macho yananiwasha mpaka huku."

Kocha hakucheka. Ijumaa mkuu wa shule ya jirani alikuwa anakuja kukagua. Akikubali, wanafunzi wake wote wangejifunza kuogelea hapo mwaka mzima. Akikataa, bwawa lingefungwa, maana wazazi walikuwa wamepungua hadi maboya ya watoto yakakauka ukutani. Na mkuu ana simu kama watu wote. Ataandika jina, ataona.

Kwamba mtoto alizama mwaka uliopita, Kocha hakukana. Alijirusha na nguo zake, viatu vikiwa miguuni, akamtoa, mtoto akatapika maji, akalia, wakashusha pumzi. Lakini simu? Simu yake siku ile ilikuwa kabatini. Aliyeandika alikuwa ametia chumvi, na Kocha aliamini anamjua. Habari ilitaja hata rangi ya taulo alilofungiwa mtoto, na chini yake jina lilikuwa "Mama Mwenye Uchungu" tu.

"Mama gani anakumbuka rangi ya taulo mwanawe akizama?" alimuuliza mumewe. "Huyu ni mtu wa ndani. Huyu ni wifi."

"Dada yangu?"

"Kwani unao wangapi?"

Wifi alikuwa msaidizi wake. Wiki ileile mtoto alipozama, aliacha kazi bila hata kuaga vizuri, na miezi michache baadaye akaonekana anafundisha kwenye bwawa la hoteli. Kwa Kocha, hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Ndipo akamwendea Sabuni. Watu walimwita hivyo kwa sababu alisafisha majina ya watu mtandaoni. Ofisi yake ilikuwa chumba juu ya saluni, feni ikisukuma joto kutoka pembe moja kwenda nyingine, naye alizungumza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Watu wa mtandaoni ni kunguru, mama. Wanadonoa cha juu jalalani, wanaruka. Kazi yangu ni kubadilisha cha juu."

"Kivipi?"

"Sifa zako zitakuwa nyingi, hilo niachie. Na mwenye jukwaa nitamwandikia kwamba hiyo ni kashfa isiyo na ushahidi. Hao wanaogopa kesi kuliko ukoma. Ataing'oa na mizizi yake, pamoja na wote waliochangia chini."

"Waliochangia wamesema nini?"

"Nisome yote hayo ya nini?"

"Na aliyeandika, utanijulia ni nani?"

Sabuni akacheka. "Mimi nafua, mama. Siulizi nguo ilichafuliwa na nani."

Kicheko kile hakikumkaa Kocha vizuri. Akishuka ngazi alijiuliza kama mtu huyo hachafui kwanza ndipo afue. Lakini alikuwa amekwisha kumlipa.

Jumatano walikutana wote kwa mama mkwe. Wifi alifika na mfuko wa machungwa, akauweka mezani.

"Yaondoe hayo," Kocha alisema. "Anayeweza kuandika kwa kujificha anaweza kutia lolote kwenye chungwa."

Wifi alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Wifi, ile habari uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Ya kunitosha."

"Haya." Wifi alichukua mkoba wake, akatoka. Machungwa aliyaacha.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "mwenye hatia hupiga kelele. Huyu amenyamaza."

"Hata nyoka hanyanyui sauti, mama."

Alhamisi habari haikuwepo. Kocha aliandika jina la bwawa, akaandika tena, akamwita mumewe aje aone. Juu kabisa palikuwa na sifa mpya, tena nyingi: "Maji ya uvuguvugu! Kocha ana upendo wa mama mzazi!"

"Uvuguvugu?" mumewe alisema. "Maji haya yanagonganisha meno."

"Wewe nyamaza."

Mkuu wa shule aliyefika Ijumaa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Alizunguka bwawa taratibu, akakagua vyumba vya kubadilishia nguo, kisha akachutama na kutia mkono majini. Akautoa haraka.

"Nilisoma kwamba ni ya uvuguvugu."

"Inategemea jua," Kocha alisema.

"Na waliosifu wamesifu siku moja, wote." Alijifuta mkono, akaketi. "Kuna habari nyingine. Ya mtoto aliyezama."

Kocha alidakia. "Wabaya wangu, mkuu, walikaa wakatunga..."

"Ndiyo iliyonileta."

"Iliyokuleta?"

"Mama mtoto alilalamika, na ilikuwa haki yake. Lakini mwisho kabisa, chini ya maoni yote, msaidizi wako alijibu kwa jina lake. Alisema mwenye simu alikuwa yeye, si wewe. Mama alisikia tu watu wakisema 'kocha', akadhani ni wewe. Msaidizi akasema pia ulijirusha na viatu. Nikajiambia, mahali ambapo mtu anakiri mbele ya ulimwengu, wanangu watakuwa salama." Mkuu alivua miwani. "Jana niliifungua nimwonyeshe mwenyekiti wa wazazi. Haipo. Nani ameifuta?"

Mumewe alichungulia kutoka chumba cha pampu.

"Mimi," Kocha alisema. "Nililipa."

"Mtu analipa ili ushahidi wake mwenyewe ufutwe?"

"Sikujua kama ni wangu. Sikufika mwisho."

Aliyasikia maneno yake yakitoka, na hata yeye asingeyaamini. Mkuu alisimama. "Sikuiti mwongo. Ila sina cha kumwonyesha mwenyekiti, na nilichobaki nacho ni maji ya uvuguvugu. Jumatatu tunaamua."

Sabuni, alipopigiwa airudishe habari ile, alijibu kwa ufupi kwamba kilichong'olewa hakioti tena.

Kocha alimkuta wifi kwenye bwawa la hoteli, ameketi ukingoni, miguu majini, wanafunzi wake wakiwa wameshaondoka. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Kumbe simu ilikuwa kwako," Kocha alisema.

"Kumbe leo ndiyo unajua." Wifi alicheka bila furaha. "Nilidhani ulisoma ukaamua kunitupa. Mwaka mzima nangoja uniambie neno. Unitukane hata. Umekuja kunitukania machungwa."

"Nilikuwa naishia juu, wifi."

"Ukaifuta."

"Nikaifuta. Naomba uandike tena. Mkuu akisoma Jumatatu tutapona."

"Wakati ule sikuwa na kazi ya kupoteza. Leo ninayo. Meneja wangu akiandika jina langu, atakutana na nini?" Alipiga maji kwa mguu. "Na wewe ukishapata shule, utamlipa nani anifute na mimi?"

"Sitamlipa mtu."

"Maneno matamu. Yaandike basi."

Kocha aliketi kando yake, sketi ikaloa. Akafungua ukurasa wa bwawa lake, uleule uliojaa sifa za Sabuni, akaandika: "Mtoto alizama katika bwawa hili. Nilimtoa mzima. Mama yake alilalamika, nami nikalipa malalamiko yake yafutwe bila kuyasoma hadi mwisho. Msaidizi wangu alikuwa amesema ukweli humo, nao ukafutika. Wanaosifu maji ya uvuguvugu hawajawahi kufika hapa. Maji yetu ni baridi." Akaweka jina lake kamili, akatuma.

Wifi alimnyang'anya simu. Kidole chake kilishuka polepole mpaka neno la mwisho, kikapanda juu, kikashuka tena, kama anayetafuta mahali alipotegewa mtego.

"Kaka anajua umeandika hivi?"

"Atasoma kama wengine."

Wifi alijifuta mikono kwenye taulo, kidole kimoja kimoja.

"Sogea huku," alisema. "Nizibie jua. Kioo cha simu kinang'aa, sioni pa kujibia."