Mawifi Wawili, Nafasi Moja

Maabara ya uchunguzi wa jinai ilitangaza nafasi moja tu, na nyumba ile ikatoa waombaji wawili: Mwalimu, aliyefundisha kemia mpaka shule yake ilipofungwa, na wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyemaliza chuo juzijuzi. Kwa Mwalimu huu ulikuwa mtihani wa mwisho. Mwakani umri usingemruhusu.

Walisoma meza moja, wakiulizana habari za sumu, vinasaba na matone ya damu mpaka chakula kikaungua jikoni. Walipaka unga wa penseli kwenye glasi zote wakitafuta alama za vidole, hata mama mkwe akalalamika kwamba chai yake siku hizi ina ladha ya penseli. Mwalimu alicheka, lakini usingizi ulishamhama. Kila wifi alipomtangulia kujibu, alirudia kuusoma ukurasa ule upya.

"Ungependa apate nani?" alimuuliza mumewe.

"Unataka nichague jicho la kutoboa," mume akajibu, akageukia ukutani.

Mtihani wa kuandika walifaulu wote. Ukaja wa vitendo. Kila mtu alipewa meza yake na shati lenye madoa ya damu, na msimamizi akaonya: atakayefungua mdomo, nje.

Wifi alikuwa meza ya jirani. Mwalimu alimwona akijifuta jasho usoni kwa mkono wenye glavu, kisha mkono uleule ukaelekea kwenye shati. Angeligusa tu, jasho lake lingechanganyika na damu na kielelezo kingeharibika.

Nyamaza, Mwalimu alijiambia. Nyamaza, nafasi ni yako.

"Glavu, wifi!"

Mdomo ulikuwa umeshasema.

Msimamizi akawaonyesha mlango wote wawili. Mwalimu akamsihi, "Mzee wangu, huyu hana kosa. Niliyesema ni mimi."

"Aliyesema na aliyeambiwa, wote wametoka."

Nje, wifi alizivua glavu akazitupa chini. "Nani alikutuma? Ningekosa alama chache tu! Sasa nimekosa zote."

"Niliona unaharibu..."

"Ungeniacha niharibu!"

Walirudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara. Mama mkwe aliuliza mtihani ulikuwaje. Mume aliwatazama, huyu kisha yule, kama mtu aliyefiwa pande zote mbili.

Mwalimu akajifungia bafuni, akafungulia bomba ili asisikike, akalia mpaka kifua kikauma. Mlango ukagongwa. Alipofungua kidogo, alikuwa wifi, macho yamevimba.

"Wifi, mimi mwakani bado naruhusiwa."

"Najua."

"Siwezi kusoma peke yangu."

Hasira ilimpanda Mwalimu. Anathubutuje! Alitaka kumfukuza, na alitaka pia kumshika amkumbatie, asiweze lolote kati ya hayo.

"Leo niache nilie," alisema mwishowe. "Hiyo kesho yenyewe siioni."

Akausukuma mlango taratibu. Wifi hakuondoka. Alikaa chini pale nje, mgongo ukutani, akisikiliza maji.