Vidole vya Gavana Thrall

Eti Gavana Thrall shujaa wa vita! Shujaa wa nini? Mimi Zilpah, mtumwa wake na mpishi wake kwa miaka ishirini na sita, nawaambieni: yule hakuwahi kusikia bunduki ikilia ila alipokwenda kuwinda bata.

Vita vya koloni letu kujikomboa kwa Waingereza vilipoanza, jina lake ndilo lililoitwa jeshini. Akajilaza, eti tumbo. Akamtuma Quash, mume wangu: "Nenda kanipigie vita. Ukirudi, wewe ni mtu huru." Quash akapigana miaka mitatu, akarudi na mguu mmoja wenye vidole vitatu, viwili vimeliwa na baridi. Na uhuru? Alipigwa danadana. Thrall akawa hakimu, akawa spika, akawa gavana, na kwetu gavana huchaguliwa kila mwaka. Basi kila Mei ni yale yale: "Ngoja kwanza nichaguliwe, Quash. Watu watasema." Mara saba! Nyoo!

Siku alipoapishwa mara ya nane, wageni walijaa mezani, hadi mchungaji na Jaji Mkuu. Quash anamimina mvinyo, mimi naingia na keki, namsikia Bwana anasimulia: "Tukauvuka mto ule wa barafu, mimi miguu peku, damu inachuruzika..."

Nikashindwa kuvumilia. "Wewe ulivuka, Bwana?"

"Zilpah, rudi jikoni."

"Nauliza tu. Mbona vidole vyako vyote kumi vipo? Si mimi ninayekuosha miguu?"

Mchungaji akajifanya anakohoa. Quash, ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, akaweka chupa chini, akaketi sakafuni, akavua kiatu.

"Mguu uliovuka ni huu hapa, waheshimiwa."

Jaji Mkuu akainuka, akautazama ule mguu, akamgeukia Thrall. "Ulimwahidi nini mtu huyu?"

Thrall akaona wageni wote wanamtazama, akaandika hati ya uhuru kwa hasira, akasaini palepale. Karatasi moja, jina moja.

"Na mke wangu, Bwana?"

"Mke wako hakwenda vitani."

Mijitu mizima na mawigi yao ikainamia sahani. Hata huyo jaji!

Quash akataka kuirudisha karatasi. "Siendi popote bila wewe, mke wangu."

Nikamkamata kola, nikamburura hadi mlango wa jikoni, nikamsukuma nje. "Nenda, mjinga wee! Ukilala hapa leo, asubuhi ataichana!"

Nikafunga. Nikauegemea mlango kwa mgongo, naye anagonga, ananiita, anagonga, mpaka akachoka.