Hakuna Kukata Shingo

Siku ya kumi na mbili tangu nchi jirani ibane mpaka, Magdalena, mwenyekiti wa wakulima wa vitunguu pale Issuna, aliingia bandani kwake. Rundo zima la vitunguu lilikuwa limekatwa shingo.

Wakulima walikuwa wamekubaliana hakuna kukata, maana kukata ni kujiandaa kuuza. Kitunguu kilichoachiwa majani yake kinakaa miezi. Ukikikata shingo bado mbichi, wiki mbili nyingi, kinaoza. Nchi hiyo jirani ilitoa vibali kwa wanunuzi wachache tu, nao wakataka mzigo kwa nusu ya bei, wakijua wakulima hawana pengine pa kuuza. Wakulima wakasema haya, tukae navyo tuone nani atachoka. Huko kwao nako nyama choma hailiwi bila kachumbari.

"Ni mimi," alisema Lazaro, mumewe, macho chini. "Nilisikia mpaka unafunguliwa. Nikataka tupakie wa kwanza."

"Umenimaliza, baba Loyce."

Kabla hasira haijamtoka, lori likasimama nje. Akashuka Simeoni, dalali wa wenye vibali, mtu wa kunusa shida za watu. "Mama mwenyekiti, nimesikia. Vyako nachukua kwa bei nzima. Wengine wa nini kuwaambia?"

Magdalena aliliangalia rundo. Mwaka mzima wa mgongo wake ulikuwa kwenye rundo lile. Lakini lori likiondoka na mzigo wake, kabla ya jioni kila banda lingekuwa linakata. Simeoni alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuwa anatabasamu.

Magdalena akatoka barabarani akaita wakulima wenzake. Walikuja, Ezekieli mbele, mzee wa maneno makali asiyemwogopa mtu. Wakalizunguka rundo.

"Vimekatwa kwangu," alisema Magdalena. "Siuzi. Vitaozea hapa hapa."

Ezekieli aliangalia rundo, akaangalia lori. Akaokota gunia tupu, akaanza kujaza. "Hivi tutakula sisi. Kila nyumba ichukue debe, imrudishie mwenyekiti debe lenye majani."

"Mtakula vitunguu mpaka lini?" Simeoni alicheka.

"Mpaka nyie mvikose."

Watu wakainama kujaza. Lazaro naye akachukua debe, na hakuna aliyemfukuza. Magdalena alikaa chini katikati ya majani yaliyokatwa, akalia mbele za watu wote.