Tikiti ya Kwenda Tu

Mume wangu, fundi friji, ana ugonjwa mmoja: pointi. Benki ilimpa kadi ya mkopo, na kila akinunua kitu kwa kadi hiyo anapata pointi za kubadilisha na tikiti ya ndege. Basi tangu hapo hatukupumua. Dukani anawavizia watu kwenye foleni, anawaomba wampe pesa zao taslimu ili awalipie kwa kadi. Siku moja mlinzi alimkamata akidhani ni tapeli. Majirani wakambatiza Bwana Pointi, naye akavimba kichwa kana kwamba amepewa cheo.

Nilimvumilia kwa sababu moja tu. Binti yetu wa pekee anaishi ng'ambo, alikuwa na mimba ya kwanza, na nilimwahidi nitakuwepo akijifungua. Pointi za kwenda na kurudi tulikuwa nazo tayari. Lakini kila nikimwambia mume wangu akate tikiti, anakuna kichwa. Mara ndege hii inakula pointi nyingi mno, mara msimu wa nafuu bado, mara nikingoja kidogo nitakaa viti vya mbele, ninyooshe miguu kama waziri. Nilimwambia mimba haijui msimu. Akanijibu nisimharakishe, mambo haya yana hesabu zake.

Benki nayo ikapiga hesabu zake. Asubuhi moja, tukinywa chai, alisoma ujumbe kwenye simu akanywea kama aliyemwagiwa maji. Tikiti zilikuwa zimepanda, pointi zimeshuka thamani. Lundo lake lote sasa lilitosha kwenda tu.

Nilisukuma kikombe changu kando kwa hasira. Kisha nikamwambia, "Kata hiyo hiyo."

"Na utarudije?"

"Ya kurudi ni hesabu zako. Mimi naenda kwa mwanangu."

Nilikalishwa nyuma kabisa, jirani na choo, lakini niliwahi. Mtoto alizaliwa mikono yangu ikiwa tayari kumpokea, wa kike, na paji la uso ni la babu yake tupu. Nilinenepa kwa furaha. Habari za kurudi sikuziuliza, na binti yangu hakunifukuza.

Huko nyumbani babu mtu aliunguza sufuria moja baada ya nyingine. Kila jioni alinipigia kuuliza chumvi iko wapi. Baadaye aliacha hata kisingizio cha chumvi, akawa anapiga na kukaa kimya, namsikia anavyopumua.

Jioni moja akaniambia amekwenda mwenyewe ofisi ya ndege, amenikatia tikiti ya kurudi kwa bei kamili. Sikuamini. Nikamtania, nikamuuliza amevuna pointi ngapi.

"Hata moja. Nimelipa taslimu," akasema. "Kadi ilikuwa mfukoni, mke wangu, sikuikumbuka kabisa."

Machozi yakanitoka. Nikamrudishia binti yangu mtoto, nikaenda kufunga mizigo.